Mali bila Daftari: Historia Fupi ya Kumbukumbu za Msomaji

Methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hutajwa zaidi dukani kuliko darasani. Mwenye duka huielewa upesi, kwa kuwa asipoandika kilichoingia na kilichotoka, mwisho wa mwezi hujikuta na rafu tupu wala hana la kueleza. Lakini mwalimu wa lugha naye ana mali yake, nayo ni vitabu alivyovisoma. Kitabu kilichosomwa mwezi wa Januari bila kuandikwa popote, ifikapo Desemba hubaki jina tu, na pengine hata jina hutoweka. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi hesabu ya kusoma ilivyowekwa katika Afrika Mashariki, hususan Uganda; ni nani aliyeishika hesabu hiyo katika kila zama; na kwa nini mwalimu wa Kiswahili wa leo hana budi kuishika kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo lililonisukuma kuandika ni dogo. Mwanafunzi mmoja hapa Nakawa aliniuliza baada ya kipindi, kwa adabu na bila hila yoyote: "Mwalimu, mwezi huu umesoma kitabu gani cha Kiswahili?" Nikamjibu kwamba ninasoma Kusadikika cha Shaaban Robert. Jibu hilo lilikuwa nusu ya kweli. Kusadikika nilikuwa nimekisoma miaka mingi nyuma, na tangu hapo nilikuwa nakifundisha tu kwa kukumbuka. Mwezi ule sikuwa nimesoma kitabu chochote, wala mwezi uliotangulia, na sikuweza hata kusema ni mwezi upi niliosoma mara ya mwisho. Nilikuwa nimefilisika, nami sikuwa na habari.

Nakawa iko mashariki mwa jiji la Kampala, kandokando ya barabara kuu iendayo Jinja, na ina sifa mbili zinazopasa kutazamwa pamoja. Sifa ya kwanza ni ya elimu. Hapo ndipo ilipo Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoundwa mwaka 1997, na ndani ya tarafa hiyo hiyo kuna kilima cha Kyambogo, ambapo taasisi tatu, mojawapo ikiwa ya mafunzo ya ualimu, ziliunganishwa mwaka 2003 zikawa chuo kikuu. Sifa ya pili ni ya lugha. Serikali ya kikoloni ilijenga Nakawa na Naguru nyumba za kupangisha wafanyakazi Waafrika, na wapangaji walitoka pande nyingi. David Parkin, mtaalamu Mwingereza wa elimu ya jamii, alifanya uchunguzi katika mitaa hiyo miwili kati ya mwaka 1962 na 1964, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Humo tunawaona Wajaluo na Waluhya waliotoka Kenya, Waacholi na Walango wa kaskazini, Waganda wenyeji, na wengineo, wote wakiishi mlango kwa mlango. Watu wa namna hiyo walihitaji lugha ya kuonana nayo, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha walizozitumia.

Lakini Kiswahili hicho kilipatikana kwa sikio. Mtu alikiokota kazini, sokoni, au kwa jirani, akakitumia kwa haja zake, wala hapakuwa na kitabu kilichomshika mkono kumpeleka mbele. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaachisha kazi wafanyakazi wengi waliotoka Kenya, na wengi wakarudi kwao. Mwaka 2011 nyumba zile za Nakawa na Naguru zilibomolewa. Lugha iliyokaa katika vinywa vya wapangaji ilitawanyika pamoja nao. Nyumba ikivunjwa, kilichosemwa ndani yake hakibaki. Hubaki kile kilichoandikwa.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili kiliingia Uganda kama lugha ya mdomo tu. Kinyume chake, katika nchi hii kilikuwa lugha ya kitabu mapema sana. Kabaka Mutesa I alikijua Kiswahili kwa sababu ya wafanyabiashara wa pwani waliofika kwake. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipoondoka katika ikulu ya Mutesa, alimwacha kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, ili awe msomaji na mwandishi wa Kabaka. Alexander Mackay, mmisionari Mskoti, alifika Buganda mwaka 1878 akiwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, na miongoni mwa maandiko yaliyosomwa na vijana wa ikulu zilikuwamo tafsiri za Kiswahili zilizotengenezwa Unguja na Askofu Edward Steere. Kabla ya Injili kuchapishwa kwa Kiganda, Mganda aliyetaka kuisoma alipitia Kiswahili.

Katika zama hizo neno kusoma lilipata maana nzito. Katika Kiganda, msomi alikuwa mtu aliyejiunga na dini, na katika kanisa la Kianglikana mtu mzima aliyetaka kubatizwa alitazamiwa kwanza awe amejifunza kusoma. Ni dhahiri basi kwamba hesabu ya kusoma iliwekwa tangu mwanzo, lakini mwenye kuiweka hakuwa msomaji. Ilikuwa mikononi mwa mwalimu wa dini, naye alitaka kujua jambo moja tu, yaani kama mtu huyu amesoma kiasi cha kutosha kukubaliwa. Baada ya kukubaliwa hapakuwa na aliyeuliza kitabu cha pili.

Katika pwani, ambako Kiswahili chenyewe kilitoka, palikuwa na desturi nyingine iliyotimia zaidi. Mwanafunzi wa elimu ya dini alikaa mbele ya sheikh wake, akasoma naye kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitabu kilipokwisha alihesabiwa kuwa amekihitimu, na neno hilo mpaka leo tunalitumia kwa kila anayemaliza masomo. Kisha mwalimu aliweza kumpa ijaza, yaani idhini ya kufundisha alichosoma, pamoja na majina ya walimu waliokipokezana kabla yake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeishi kuanzia mwaka 1912 hadi 1982, aliandika kwa Kiswahili habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Katika habari za namna hiyo mwanachuoni hujulikana kwa mambo mawili: amesoma kwa nani, na amesoma nini. Kujisifu kwamba umesoma sana hakukutosha. Ilibidi utaje kitabu na umtaje mwalimu. Huo ndio mfano bora tulio nao katika utamaduni wetu wenyewe wa kuandika kumbukumbu ya kusoma, nao una fadhila moja kubwa, kwamba kila kitabu kilimwonyesha msomaji kitabu kinachofuata.

Desturi hiyo haikuvuka kuja katika shule za Uganda, na sababu yake imo katika historia ya siasa ya lugha. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa, wakuu wa Buganda, na maaskofu walipinga kwa nguvu, na shauri hilo likadhoofika. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni, isipokuwa kwa jamaa za polisi. La kushangaza ni kwamba mwaka huo huo wa 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji wa lugha yetu, ilihamia Makerere, ikakaa huko karibu miaka kumi kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam. Kampala ikawa mahali ambapo Kiswahili kinachunguzwa na wataalamu kilimani, kinasemwa na wapangaji wa Nakawa bondeni, na katikati yao hakifundishwi kwa mtoto wa shule.

Baadaye zilikuja amri. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, lakini tangazo hilo halikufuatwa na walimu wala vitabu vya kutosha, na kwa raia wengi lugha ikabaki na sura ya askari. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hatuna budi kuyafurahia maendeleo haya. Lakini amri huweza kumlazimisha mtoto aingie darasani. Haiwezi kumfanya mwalimu wake awe amesoma. Hapa ndipo lilipo jambo zito la wakati wetu. Mwalimu anayefundisha lugha kwa akiba ya vitabu vinne alivyosoma chuoni atawapa wanafunzi wake vitabu hivyo vinne, nao watawapa wengine viwili, mpaka lugha irudie kuwa ya sikio tu.

Huenda mtu akauliza kama maktaba hazikuweza kuishika kumbukumbu hii kwa niaba ya msomaji. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa juhudi za maktaba katika Afrika Mashariki si za kubezwa. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ofisi ya pamoja ya vitabu iliyokuwa na makao makuu Nairobi na matawi Kampala na Dar es Salaam. Ofisi hiyo ilichapa vitabu, ikafanya mashindano ya uandishi, na ikapeleka vitabu kwa wasomaji walio mbali kwa njia ya posta na kwa masanduku. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano yake ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958, na kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka mwaka 1960. Baada ya uhuru kila nchi ilianzisha huduma yake, na Uganda ilipata Bodi ya Maktaba za Umma mwaka 1964. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ofisi ile ya vitabu nayo ilikufa.

Sasa tutazame jinsi maktaba zilivyofanya kazi. Utaratibu ulioenea sana katika maktaba za Uingereza, na katika nyingi zilizofuata desturi zake, huitwa kwa jina la Nina Browne, mkutubi Mmarekani wa karne ya 19. Ndani ya jalada la kitabu hubandikwa mfuko mdogo wa karatasi wenye kadi ya jina la kitabu. Msomaji aazimapo, kadi huchomolewa na kutiwa ndani ya tikiti yake, kisha zote mbili huwekwa katika kisanduku kwa kufuata tarehe. Karatasi iliyobandikwa kitabuni hupigwa muhuri wa siku ya kurudisha. Kitabu kikirudi, kadi hurudi mfukoni mwake na msomaji hurudishiwa tikiti yake. Utaratibu huu ni mwepesi na wa busara, lakini zingatia matokeo yake. Ukikifungua kitabu cha zamani utaona mihuri mingi ya tarehe, nawe utajua kwamba kitabu hiki kimetembea. Ni nani aliyetembea nacho, hakuna ajuaye, kwa maana siku ile ile kiliporudi, dalili ya msomaji ilifutika. Maktaba ililinda kitabu kisipotee. Kumlinda msomaji asisahau haikuwa kazi yake.

Kwa hiyo mwalimu wa dini aliandika kwa ajili ya kanisa, sheikh aliandika kwa ajili ya silsila ya elimu, na mkutubi aliandika kwa ajili ya rafu. Aliyebaki ni msomaji mwenyewe, na katika nchi nyingine wapo walioitambua kazi hii zamani. Katika karne ya 9, Photius wa Konstantinopoli alimwandikia ndugu yake muhtasari wa vitabu karibu 280 alivyokuwa amevisoma, na baadhi ya vitabu hivyo vimepotea duniani, havijulikani leo isipokuwa kwa maneno yake. Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe, kuanzia mwaka 1838 hadi 1860 alikuwa na madaftari ambamo aliandika orodha mbili: vitabu vya kusomwa, na vitabu vilivyosomwa. Hakuona haya kueleza kwamba kitabu fulani alikipitia juu juu tu. Wala hakuziweka orodha hizo kwa kujionyesha. Aliziweka kwa sababu kazi yake ilikuwa ndefu na maisha ni mafupi, naye alitaka kujua amefika wapi na aende wapi.

Baada ya swali la mwanafunzi yule, nami nilinunua daftari la kawaida la shule, lenye kurasa 96, nikatenga ukurasa mmoja kwa kila mwezi. Nusu ya juu ni ya vitabu vilivyokwisha: jina la kitabu, mwandishi, mwaka kilipotoka, siku niliyokimaliza, na mistari miwili au mitatu ya maneno yangu mwenyewe. Nusu ya chini ni ya vitabu vijavyo, visivyozidi vitatu, na mbele ya kila kimoja naandika kwa nini nimekichagua. Mwaka wa kwanza ulinitia aibu. Kulikuwa na kurasa tatu ambazo nusu yake ya juu haina kitu. Nilitaka kuzichana, kisha nikaziacha, kwa kuwa duka lisiloandika hasara si duka la kuaminiwa.

Hasara ya pili niliigundua katika nusu ya chini. Sababu nilizoandika hazikuwa sababu. "Nimekiona sokoni." "Bei yake ni nafuu." "Wanafunzi watafanyia mtihani." Ilinidhihirikia kwamba kwa miaka yote hiyo sikuwa nikichagua vitabu, mtihani na soko ndivyo vilivyonichagulia. Hapo nikaanza kufuata desturi ya wanavyuoni wa pwani, ya kitabu kimoja kukionyesha kingine, nami naieleza hapa ili mwalimu mwenzangu aijaribu.

Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi ya Bwana Msa, kwa kuwa niliamini kwamba mtu aliyeacha kusoma hurudishwa vema na kitabu kinachomvuta. Hadithi hiyo ya Unguja iliniachia swali: maisha ya wale waliofanya kazi katika mashamba ya mabwana hao yalikuwaje? Swali likanipeleka kwa Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad cha mwaka 1978, ambamo Unguja hiyo hiyo inatazamwa kutoka upande wa mtumishi. Kutoka mapinduzi ya Unguja nikavuka bahari kuingia vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Halafu nikarudi kwa Kusadikika cha mwaka 1951, safari hii nikakisoma kweli, na utetezi wa Karama mbele ya baraza ukawa na uzito mpya kwangu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma habari za watu walionyamazishwa. Baadaye likaja zamu ya Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, ambacho kwa muda kilizuiwa katika shule za Tanzania. Na mwisho wa mwaka nikafika nyumbani kwa njia nisiyoitazamia: Wimbo wa Lawino, utungo wa Okot p'Bitek wa Uganda uliotafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa na kutolewa mwaka 1975. Mwalimu wa Kampala alihitaji kuzunguka Unguja na Tanzania bara ndipo amwone Mwacholi akizungumza Kiswahili kitabuni, ilhali Waacholi walikuwa wakikizungumza Nakawa tangu zamani.

Kutokana na safari hiyo nimepata kanuni tatu za kuchagua. Kwanza, kitabu kijacho kijibu swali lililoachwa na kitabu kilichopita. Pili, katika kila vitabu vitatu, kimoja kiwe cha fani ambayo msomaji huikwepa. Kwangu mimi ilikuwa tamthilia. Tatu, kitabu kilichowekwa katika orodha kwa miezi mitatu bila kufunguliwa kiondolewe bila huruma, kwa maana orodha ya vijavyo ikirefuka kupita kiasi huwa kaburi la nia njema.

Walimu wenzangu watasema kwamba vitabu ni ghali na vigumu kupatikana Kampala, nami siwezi kukana. Lakini ugumu huo ndio sababu kubwa ya kuwa na daftari. Mwenye maktaba kubwa aweza kusahau alichosoma akakichukua tena rafuni. Sisi tunaoazimana nakala moja watu watano hatuna nafasi hiyo. Kitabu kikiondoka mkononi mwetu, kinachobaki ni mistari miwili tuliyoandika. Na walimu watano wa shule jirani wakiketi mara moja kwa mwezi, kila mmoja na daftari lake, watajua nani ana nini, na kitabu kinachosubiriwa na mmoja kitaonekana kuwa kimelala kwa mwingine.

Yule mwanafunzi aliyeniuliza amekwisha kumaliza shule, wala sijapata kumkiri kwamba siku ile nilimdanganya. Lakini mwanzoni mwa kila mwezi huandika ubaoni, pembeni, jina la kitabu nilichokimaliza na jina la ninachokianza. Mwezi ambao sikumaliza chochote huandika hivyo hivyo, kwamba hakuna. Mara ya kwanza darasa lilicheka. Mwezi uliofuata msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyosha mkono, akasema yeye amemaliza kimoja, na akaomba nafasi ubaoni aandike jina lake.